Mtu Hamshiki Mkwewe Kichwa

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi bali ya wakoloni na reli yao, aliishi Mzee Shekimweri, fundi wa reli, aliyewafundisha wenzake kugoma. Polisi wakamkamata wamtie alama. Apigwe picha, apimwe mwili, kisha aachiwe. Siku akirudia, ajulikane hata akibadili jina.

Mpimaji alikuwa Semboja, karani wa polisi, naye ndiye aliyemwoa binti wa Shekimweri. Sasa niambieni, mtu amvueje mkwewe kofia, ambane kichwa kwa chuma cha kupimia? Hata sahani moja hawakuwahi kula. Uani alikuwamo Mhando, muuza mkaa, kimo sawa na cha Shekimweri. Semboja akamwita, akampima yeye badala ya mkwe, akaandika vipimo kwa jina la mkwe. Mhando akacheka, akaona ni mambo ya wakubwa, akaenda zake.

Mpiga picha alikuwa Faraji, fundi wa picha za harusi, aliyezoea kumpendezesha kila mtu. Akashika penseli, akalifuta kovu la usoni mwa Shekimweri kwenye kioo cha picha, kabla haijachapwa. Akafuta na makunyanzi.

Mwaka haukuisha, mgomo ukarudi. Mzungu aliyemjua Shekimweri alikwisha kuhamishwa, kwa hiyo polisi wakapita mjini na picha na vipimo. Wakamfikia Mhando. Mkono sawa, mguu sawa, kichwa sawa. Na uso ule wa pichani ungeweza kuwa wa yeyote. Akawaambia yeye ni Mhando. Wakamjibu kwamba jina hubadilishwa, mifupa haibadiliki. Akahukumiwa kupelekwa kisiwani, kusikorudi mtu.

Zaina, mke wa Mhando, mjamzito, miguu imemvimba, akawakusanya wote watatu nyumbani kwa Shekimweri. Kila mmoja alijua kwamba atakayekwenda kusema kweli, jela ni yake.

Semboja akasema, "Nilimstahi mkwe wangu. Adabu si kosa. Kovu lingekuwepo pichani, Mhando angekuwa kwake."

Faraji akasema, "Mimi nilimpendezesha mtu, ndiyo kazi yangu. Picha haikumfunga. Vipimo ndivyo vilivyomfunga."

Shekimweri hakuweza kumtazama yule mwanamke. "Mwanangu, nimechoka," akasema. "Lakini nikijitoa leo, mgomo umekufa, na watu wote wale wanarudi kwenye ujira wa njaa. Wala mimi sikumpima mtu, sikumpiga mtu picha."

Zaina akaketi kizingitini. Alikuwa amechoka hata kulia.

"Sikuja kuuliza nani mwema," akasema. "Meli inaondoka kesho. Nataka mmoja wenu ainuke."

Wakatazamana. Mwenye adabu akamtazama mwenye kazi yake, mwenye kazi yake akamtazama mwenye mgomo wake, na huyu akatazama chini.

Basi, wenzangu, mimi hadithi hii imenichosha, nawaachia ninyi. Zaina bado yuko pale mlangoni anangoja. Je, nani alistahili kuinuka?