Sifa za Bwana Ngwali Mbele ya Wakwe

Mashavu alipiga picha za harusi ya binti wa Bwana Ngwali, tajiri ambaye tumbo lake humtangulia mlangoni. Malipo yakawa njoo kesho, njoo Jumatatu, hadi siku binti wa pili alipoolewa.

"We Mashavu, hela hiyo sahau. Utanifanya nini?"

"Yaishe, mzee wangu. Nipe kipaza sauti tu, nikusifu mbele ya wakwe."

"Nisifu mpaka wazimie!"

Mashavu akasimama. "Wakwe zetu, huyu hana mfano! Kaapa hagusi pilau leo kabla hajamlipa hapahapa kila anayemdai. Naanza mimi!"

Wakwe wakapiga vigelegele. Ngwali akatoa noti huku akitabasamu kama anayeng'olewa jino. Nyuma ya Mashavu walishapanga foleni mpishi, mwenye maturubai, na fundi aliyeshona suti aliyoivaa tajiri.