Koti Moja la Tarishi

Sogeeni, jamaa. Anayetafuna ameze kwanza, maana humu mna pa kucheka na pa kubishana.

Enzi za Kaisari wa Vienna, aliyekuwa na mataji mengi na kichwa kimoja tu, palikuwa na ngome kilimani huko Moravia. Katika chumba kimoja walifungiwa watu watatu, wa kunyongwa Jumatatu. Vavrinec, Mcheki, alikuwa mcheza vikaragosi. Kikaragosi chake kilipiga chafya kila Kaisari alipotajwa. Mtu huyo aliiga sauti yoyote, hata mama mkwe akisikia sauti yake mwenyewe huitika. Kacper, Mpolandi, mchimba chumvi, akigonga jiwe hujua lina nini nyuma yake. Gergely, Mhungari, mchunga farasi wa nyikani, akimwambia farasi alale, analala.

Kazi yao kubwa ilikuwa kubishana.

"Taji letu msalaba wake umepinda," alijigamba Gergely, "na bado linaheshimiwa!"

"Ndiyo maana mambo yenu huenda upande," akadakia Vavrinec.

"Sisi wafalme tuliwachagua kwa kura," akasema Kacper.

"Mkachagua weee, hadi majirani wakaigawana nchi kama mkate!" akacheka Vavrinec. "Tulieni bwana. Zamani ukoo mmoja ulikalia viti vya enzi vya nchi zetu zote tatu, Krakow, Praha na Buda. Sisi ndugu."

"Basi ndugu yangu, toa mguu kwenye blanketi langu," akasema Kacper.

Jumapili adhuhuri, ngome nzima ikiwa imeshiba na kusinzia, Kacper aligonga ukuta, akasikiliza, akatabasamu. Palipolia pakavu, chokaa ilikuwa imeoza. Alichimba kwa kipini cha kijiko, kijiko kikavunjika, akamalizia kwa kucha. Walipotokea uani, vidole vyake vilikuwa vinachuruzika damu.

Lango lilikuwa limefungwa, na kando yake alisimama farasi wa tarishi aliyeleta barua za Kaisari. Vavrinec akajibanza nyuma ya pipa, akakohoa kikohozi cha kamanda wa ngome mwenyewe, kisha akanguruma kwa Kijerumani: "Fungua, pumbavu! Farasi wa tarishi atoke akale majani!" Mlinzi akalipigia pipa saluti, akafungua, akaenda kujificha jikoni kwa aibu. Farasi akatoka na hatamu zake, koti la tarishi wa Kaisari likiwa juu ya tandiko, na watu watatu wameinama ubavuni mwake.

Hawajafika mbali, kengele ikalia. Uwanda mtupu, ngano inafika kiunoni. Gergely akampapasa farasi shingo, akamnong'oneza Kihungari. Mnyama akalala chini kama mgonjwa, nao wakalala nyuma yake. Askari wakapita karibu kabisa. Farasi hata sikio hakutikisa.

Mbele kulikuwa na daraja, na ng'ambo yake usalama. Darajani kila apitaye hukaguliwa, isipokuwa tarishi wa Kaisari. Huyo haulizwi kitu. Koti moja, tarishi mmoja. Wawili wabaki kwenye ngano, na askari watarudi na mbwa.

"Bila mimi mngekuwa mnakuna chawa," alisema Kacper, akashika mkono wa koti.

"Bila mimi mngekuwa mmekwama uani," akasema Vavrinec, akashika kola. Binti yake alikuwa anaolewa ng'ambo wiki hiyohiyo. "Na mlinzi wa daraja akisalimia, nani atamkaripia?"

"Kwa hiyo utapanda nini, pipa?" Gergely akashika mkono wa pili. "Farasi huyu sasa ananisikia mimi."

Wakavutana. Mshono ukaanza kulia. Vavrinec akahisi ile sauti ya kamanda bado imo kooni. Akafikiri: hawa wamezoea kuitii, nami nina harusi. Akanguruma: "Achia!"

Mikono yote ikaachia papo hapo. Na ya kwake pia.

Koti likaanguka kwenye ngano. Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka machozi. Kule kilimani mbwa wakabweka.

Koti liko chini, jamaa, na mbwa hawangoji mjadala. Kacper aliyetoboa, Vavrinec aliyefungulisha lango, au Gergely aliyeficha? Ukiinama sasa hivi ukaliokota, wewe ungemvisha nani?