Sauti ya Khocha Wakoli

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochanika pembe. Msala ni mkeka wa kusalia, mzuri, wenye rangi za kuvutia macho. Methali hii ilitoka pwani, nasi wa huku juu, tunaosali tukiwa tumeketi kwenye mabenchi, twaweza kudhani haituhusu. Wilkista alifundishwa methali hiyo shuleni, akaijibu vizuri katika mtihani, kisha akaisahau kama tunavyosahau mambo mengi yaliyotupatia alama.

Wilkista alikuwa mrekodi sauti katika mtaa wa Tuwan, mjini Kitale. Alirekodi kwaya, harusi na mahubiri. Vifaa vyake vilikuwa kinasa sauti cha mkononi, spika ndogo na kadi mbili za kumbukumbu, zile ndogo zinazoweza kupotea mfukoni. Jirani yake Kipruto, fundi wa kompyuta, hakuchoka kumwonya.

"Mama, kadi ikijaa, kwanza vuta hiyo kijino ya ubavuni ndio ikatae kufutwa," alikuwa akimwambia. "Halafu uweke hiyo kazi kwa kompyuta, ubandike kadi jina. Si hiyo ni kitu kidogo tu?"

"Nitafanya kesho, bana," Wilkista alijibu kila mara. Kesho yake ilikuwa kama ahadi ya mwanasiasa, haikuwa na tarehe.

Mjomba wake, Mzee Wakoli, aliishi Matulo karibu na Webuye. Wilkista alimwita khocha, kwa maana ndivyo Wabukusu wanavyomwita ndugu ya mama. Mzee huyu alikuwa mtoa kumuse, ile hotuba ya baada ya mazishi. Mtu mzima aliyeheshimika akishazikwa, watu hukusanyika asubuhi, wakaketi kimya, naye mtoa kumuse akatembea katikati yao na fimbo mkononi. Huwafariji wafiwa, huwakumbusha koo zilikotoka, na huwakemea walevi na wavivu bila kumwogopa mtu. Upande ule wa Matulo alikuwa amebaki yeye peke yake.

Kwa miaka mingi alikataa kurekodiwa. Alipoona kifua kinamsumbua, naye mwanawe Makokha, mwalimu huko Kachibora, hajajifunza hata robo ya maneno yale, alimwita Wilkista kwenye matanga ya jirani.

"Shika yote," alimwambia. "Kumuse haisemwi nyumbani bila msiba. Hiyo ni kuita kifo. Kwa hivyo sitakurudilia."

Wilkista alirekodi tangu mzee alipoingia uwanjani hadi alipotoka. Watu walilia, wakacheka, wakainamisha vichwa kwa aibu. Hata yeye, aliyezoea kusikiliza sauti bila kusikia maneno, alijikuta akifuta machozi. Alirudi Kitale na kadi iliyojaa pomoni. Hakuvuta kijino, hakuhamisha kazi, hakubandika jina. Alijiambia kesho.

Wiki hiyo hiyo akapigiwa simu. Mwimbaji mmoja wa nyimbo za injili kutoka Nairobi, ambaye picha zake zilikuwa zimebandikwa kila ukuta mjini, alikuwa anakuja kuimba katika uwanja wa maonyesho. Msaidizi wake alitaka mrekodi wa huku. "Ukitufanyia kazi poa, tutakuwa tunazunguka na wewe," alisema. Wilkista hakutembea kwenda uwanjani, aliruka.

Mwimbaji akiwa tayari anapanda jukwaani, kinasa sauti kikamwonyesha kwamba kadi imejaa. Wilkista akaitoa, akaweka ya pili. Nayo ilikuwa na harusi ambayo wenyewe walikuwa wakimpigia simu kuidai kila kukicha. Maduka ya mjini yaliuza kadi, lakini kwenda na kurudi kungemkosesha nusu ya nyimbo. Akairudisha kadi ya khocha, akavaa visikizi na kumsikiliza mzee kidogo. Sauti ilikuwa safi kabisa. Akawaza, khocha yuko hai, na misiba haiishi, nitamrekodi tena. Kinasa sauti kikamuuliza kama ana hakika anataka kufuta. Akabonyeza ndiyo.

Mwimbaji aliimba nyimbo zake zote. Baadaye msaidizi alichukua nakala, akamshukuru kwa tabasamu pana na kusema, "Tutakupigia." Simu hiyo haijalia hadi leo.

Iliyolia ilikuwa ya Makokha, kabla hata mwezi haujaandama.

"Dada, mzee ametuacha," alisema kwa sauti iliyokauka. "Wazee wameamua fimbo nishike mimi. Baada ya mazishi nitasimama. Sasa mimi sijui kitu, dada. Hata koo zenyewe sijui zilipishana wapi. Ile sauti si unayo?"

"Iko," Wilkista alisema. Neno lilimtoka lenyewe. Alibaki ameshika simu iliyokwisha kukatika, huku sufuria ya chai ikifoka jikoni na kuzima moto.

Alimkimbilia Kipruto, akamkabidhi kadi na kumweleza yote. Fundi yule aliiunganisha kwenye kompyuta akaipekua faili kwa faili. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ungefuta tu ukaacha hapo, ningerudisha yote," alisema. "Kufuta ni kama kung'oa namba kwa mlango. Watu bado wako ndani ya nyumba. Lakini wewe uliingiza wapangaji wengine, mama. Huyo mwimbaji amekaa kila mahali."

Wilkista aliketi sakafuni. Alikuwa amesikia maneno hayo vizuri, na bado aliomba aambiwe tena. Alipoambiwa tena alishika kichwa kwa mikono miwili. Sauti aliyoifuta ilikuwa ya khocha wake, na mkono uliofanya hivyo ulikuwa wake mwenyewe.

Kipruto alihangaika na kadi ile hadi siku ya mazishi. Hatimaye akapata kitu. Nyimbo zilikuwa fupi kidogo kuliko maneno ya mzee, kwa hiyo kipande cha mwisho kabisa kilikuwa kimesalia. Wilkista hakuthubutu kukisikiliza. Alijipa moyo kwamba labda ndicho kilichobeba kiini cha yote, akashika njia ya Matulo.

Siku ya kumuse, boma la Mzee Wakoli lilifurika watu. Makokha alikuwa amevaa vazi la babake, na fimbo ilikuwa mkononi mwake. Alimpokea Wilkista kama mgonjwa anavyompokea daktari.

"Nilikuwa nataka kuisikiza kwanza peke yangu," alimnong'oneza, "lakini wazee wamesema isikizwe hapa mbele ya watu wote. Ati mzee ajitolee kumuse mwenyewe, halafu mimi nimalizie."

Wilkista alifungua kinywa kumwambia ukweli, lakini waya wa spika ulikuwa umeshachomekwa. Ndipo sauti ya marehemu ikatoka, tulivu, karibu sana, kana kwamba anazungumza na mtu aliyeketi miguuni pake.

"Nimemaliza, mama. Umeshika yote? Haya, iweke. Makokha ni mwana wangu, lakini ni msahaulifu. Siku yangu ikifika atakuja kwako, umpe. Ningempa mtu mwingine ningeogopa. Kwako najua haitapotea."

Spika ikanyamaza. Wajane wa mzee walikuwa wakilia polepole. Watu walijisogeza mbele kungoja maneno yenyewe, na Makokha akainamisha kichwa kuitikia kwa furaha iliyochanganyika na uchungu.

"Tumemsikia," alisema. "Sasa endelea, dada. Weka ile yenyewe."

"Hiyo ndiyo iliyobaki," Wilkista alijibu.

"Unasema?"

"Nilifuta, ndugu yangu. Nilifuta nikarekodi nyimbo."

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu kama wangemtukana. Walimtazama tu, wazee kwa watoto, kama watu waliofungua jeneza wakakuta ni tupu. Makokha alikwenda katikati ya uwanja, akainua fimbo na kufungua kinywa. Hakuna neno lililotoka. Alisimama hivyo hadi jasho likamtiririka usoni, kisha akaishusha fimbo taratibu na kurudi kuketi. Mtu wa kwanza akainuka akaondoka, wengine wakamfuata, hata kwaheri hawakuagana.

Hivyo ndivyo Mzee Wakoli, aliyewafariji wafiwa wengi wa Bungoma, alivyokwenda bila mtu wa kumsemea neno. Wilkista alibaki ameketi uwanjani, macho makavu, asiamini alichokifanya kwa ajili ya mwimbaji aliyepita bila hata kumuuliza jina. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.