Mkeka wa Altare Uliokataa Kulala

“Ukili uliokosewa haushonwi, hufumuliwa.” Mmeisikia kwa katekista asubuhi, mkacheka, sasa mwataka asili yake. Haya, kaeni vizuri. Chanzo chake ni mkeka, na huo mkeka ulisukwa kijijini hapa hapa.

Desturi ya akina mama wa kanisa letu ni ile ile: kila Kwaresima husuka mkeka mpya wa mbele ya altare. Kila mmoja husuka ukili wake, ule utepe mrefu wa ukindu, kisha kili zote huunganishwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka. Mwaka huo ukindu uliotiwa rangi nyekundu alikabidhiwa Perepetua, mwanamke hodari, mwepesi wa mkono na, Mungu amrehemu, mwepesi wa ulimi vilevile.

Siku moja akautafuta asiuone. Hakungoja hata jua lizame. Akasema aliyeingia kwake jana yake ni Damari peke yake, na Damari alikuwa jirani yake na shoga yake tangu usichana. Neno likatembea. Damari alikana, akalia, mwisho akanyamaza. Akaacha kusuka, akaacha na kusali, watu wakasema kimya chake ndicho ushahidi. Tuna haraka sisi!

Jumapili ya nne ya Kwaresima Perepetua alipanda darini kutafuta ungo, akaukuta ule ukindu. Alikuwa ameuweka mwenyewe, mbuzi wasiutafune, akasahau. Akaurudisha gizani, akashuka, akamwomba Mungu msamaha kwa machozi. Mungu tu. Hakumwambia Damari kitu, kwa kuwa aliiogopa aibu. Badala yake akafunga siku tatu mfululizo, akafagia kanisa kila alfajiri, watu wakamsifu. Kila sifa ilimchoma.

Kusuka nako kukamshinda. Mkono uliruka uzi mmoja mwanzoni kabisa, naye akaligundua kosa ukili ulipokuwa umeshafika pima nne. Nani afumue yote hayo? Akaushona hivyo hivyo katikati ya mkeka, akaubana kwa kili za wenzake.

Jumatano Kuu mkeka ukatandikwa. Ukatuna katikati. Mama Yunike, kiongozi wao, akaukanyaga pale, ukainukia kule. Wakacheka wote isipokuwa Perepetua, aliyesema labda ungeshonwa tena kwa kukaza.

“Ukili uliokosewa haushonwi, mwanangu,” Mama Yunike akamwambia kwa upole. “Hufumuliwa mpaka pale mkono ulipokosea.”

Yeye alisema habari ya mkeka tu. Lakini Perepetua aliinuka, akapita kwake, akauchukua ukindu mwekundu darini, akaenda moja kwa moja kwa Damari. Alimkuta akifunga mizigo. Ijumaa angehamia kwa kaka yake Korogwe, na jina la mwizi angekwenda nalo.

Perepetua akapiga magoti mlangoni.

“Dada, ukindu niliuficha mwenyewe nikasahau. Nimejua tangu Jumapili ya nne, nikakuacha uteseke. Nimekukosea.”

Damari aliupokea ule ukindu. “Mimi nakusamehe, Perepetua, maana nimechoka kukuchukia. Lakini ulinisema mbele ya wangapi?”

Perepetua akainuka. Alimshika mkono, wakarudi kanisani, na mbele ya akina mama wote akayasema upya, tangu siku ile ya kwanza hadi kule kufunga kwake kwa kuficha kosa. Hakuruka neno. Alipomaliza hakuna aliyemzomea. Mama Yunike alikuwa analia, maana yeye pia aliamini ule uvumi, akamwomba Damari radhi palepale.

Kisha Perepetua akakaa chini, akakata mshono, akaanza kufumua. Pima nne, jamani! Damari akaweka kanga yake kando, akakaa upande wa pili akashika ncha. Mizigo ya Korogwe haikufungwa tena.

Asubuhi ya Pasaka mkeka ulilala sawa mbele ya altare, una mstari wa ule ukindu mwekundu katikati, na wanawake wawili walipiga magoti juu yake bega kwa bega.

Kwa hiyo mtu akikosa huku kwetu, akaanza kujipamba kwa sala ndefu, hatumgombezi. Twamwambia tu: ukili uliokosewa haushonwi, hufumuliwa.