Moto wa Mlima Ngoto

Meko mengi humshibisha adui. Mmeisikia leo mkutanoni, wakati watu wa mifereji mitatu walipogombania siku za kuzibua, kila mfereji na siku yake, na mkaniuliza imetoka wapi. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa mimi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, watu wa Kirambo, wa Ndolwa na wa Mashewa walikuwa na wakuu watatu na njia moja ya chumvi. Kundi la vijana wao likaasi, likapanda Mlima Ngoto pamoja na wake na watoto, likaiziba njia ile. Kiongozi wao aliitwa Chambua. Wako wanaosema mwanzoni alikuwa na haki, kwa kuwa wakuu waliwatoza vijana kazi bila kipimo. Wako wanaosema alikuwa mnyang'anyi tu. Mimi sikuwapo, siwezi kuamua. Ila chumvi ilikwisha vijijini, na watu walikufa njiani.

Wakuu watatu wakaungana. Wakauzingira mlima, Kirambo upande wa mashariki, Ndolwa kusini, Mashewa magharibi. Kaskazini kulikuwa na jabali ambalo hata nyani hakulipanda. Juu kule ukungu haukomi. Kuni huloa, vijiti vya kupekecha moto huloa, na moto wa leo haulali hadi kesho. Waasi walikuwa na maharage na mahindi makavu ya kutosha, lakini wakuu walijua kuwa hakuna atafunaye maharage mabichi. Wakasema, "Tutangoja siku kumi. Watashuka wenyewe."

Siku kumi zikapita, zikawa ishirini, zikawa thelathini. Kila asubuhi, ukungu ukiachana kidogo, moshi ulionekana kileleni, mwembamba na mnyoofu. Wanaume waliozoea vita waliutazama wakashusha sauti. Wengine walisema mlima wenyewe unawapikia.

Walijaribu kupanda mara moja tu. Lakini kila jeshi lilikuwa na jiko lake, maana katika nchi ile anayekula chungu cha mkuu mwingine huhesabiwa mtu wake, na kila mkuu aliogopa pia kulishwa sumu. Siku hiyo chungu cha Ndolwa kiliiva mapema, Ndolwa wakapanda peke yao. Kirambo walikuwa bado wanasonga ugali. Mashewa walikaa kuangalia itakuwaje. Ndolwa walirudi wakiwa wamebeba maiti kumi na moja, na tangu hapo hawakusalimiana na mtu.

Mpishi wa Kirambo alikuwa mwanamke aliyeitwa Nakijwa. Binti yake, Nasemba, aliolewa na mmoja wa waasi na alikuwa huko juu. Kila moshi ulipotokea Nakijwa alishukuru kimoyomoyo, kwa sababu ulimwambia kwamba mwanawe amekula. Kisha aliona aibu kwa shukrani hiyo.

Siku ya thelathini na tatu wakuu walikubaliana jambo moja tu: baada ya siku saba watapanda wote, na hakuna atakayebakizwa.

Kesho yake Nakijwa alikwenda kwenye jiko la Ndolwa kuazima mwiko, wake ulikuwa umevunjika. Mpishi wa Ndolwa akamtupia mwiko bila kumtazama.

"Nyinyi Kirambo hamjui hata kufukia kaa?" akasema. "Kila alfajiri msichana wenu yuko hapa na kigae chake, naomba moto, naomba moto."

Nakijwa akauokota mwiko. Jiko lake halikuwahi kuzimika tangu walipofika. Alizunguka mlima hadi kwa Mashewa, akauliza kama wanatembelewa na mwomba moto.

"Yule wa Ndolwa?" wakacheka. "Mwenye kushika kigae kwa mkono wa kushoto? Mkarimu wa salamu, lakini masikio yake marefu. Huketi mpaka asikie habari zote."

Nasemba alishika kila kitu kwa mkono wa kushoto tangu utotoni.

Mila ya nchi ile ilikuwa hivi: mwomba moto hanyimwi, na haulizwi atokako. Hupewa kaa, hupewa na tonge la njiani. Basi kila jiko lilidhani msichana ni wa jiko jingine. Binti yake alipita katikati ya majeshi matatu kila alfajiri, akapanda na moto pamoja na habari zote, na jiko moja tu hakulikanyaga, la mama yake.

Akarudi polepole. Akisema, mwanawe atakamatwa. Akinyamaza, siku ya saba mwanawe atauawa pamoja na wote. Alipima hivi na hivi mpaka jua likatua, kisha akaenda kwa Mauya, mkuu wa Kirambo, akamwomba awaite wenzake.

Wakaja, kila mmoja akikaa mbali na mwenziwe. Nakijwa akawaeleza habari ya mwomba moto. Hakumtaja jina. Mauya alijua binti wa mpishi wake yuko wapi, naye akanyamaza.

Sekiete, mkuu wa Ndolwa, akashika mkuki. "Kesho tunamkamata."

"Mkimkamata mtakuwa mmevunja mila ya moto," Nakijwa akasema, "na kesho kutwa atakuja mwingine msiyemjua. Zimeni meko. Libaki jiko moja. Akija aone."

"Jiko la nani?" Sekiete akauliza. "Nile chungu cha Mauya? Nirudi nyumbani nikiwa mtwana wake?"

"Jiko lina mafiga mangapi, baba?"

"Matatu. Hata mtoto anajua."

"Nanyi mko wangapi?"

Kibacha wa Mashewa, mzee aliyesema kwa nadra, akacheka puani. "Huyu amekaa jikoni siku zote hizi, nasi tukadhani anapika tu."

"Na moshi ukiendelea?" Sekiete akauliza.

"Shingo yangu hii hapa," Nakijwa akasema.

Alfajiri kila mkuu alibeba figa lake mwenyewe, begani, mbele ya watu wake. Jiwe la Kirambo lilikuwa jeusi, la Ndolwa jekundu, la Mashewa lina chembe za kung'aa. Nakijwa akayapanga penye uwanda, mahali ambapo si pa yeyote. Vyungu vikafuatana juu ya mafiga yale, kimoja kikiepuliwa kingine kikatelekwa. Wakuu watatu wakanawa, wakamega tonge kwenye sahani moja, wakatia kinywani kwa pamoja. Ndipo majeshi yakaketi kula.

Msichana akatokea kwenye ukungu. Alifika penye jiko la Ndolwa, akakuta majivu baridi. Akaenda hadi kwa Mashewa, akakuta majivu. Alipogeuka, watu mia nne walikuwa wakimtazama, na hakuna aliyeinuka. Ulisikika mchemko wa chungu tu. Akatembea katikati yao, kigae mkono wa kushoto, hadi kwenye moshi mmoja uliobaki.

"Hodi mekoni."

"Karibu," Nakijwa akasema.

"Naomba moto, mama."

Nakijwa alichagua kaa kubwa, akaliweka katika kigae juu ya majivu ili lisife njiani. Akamkatia tonge. Sekiete alinguruma lakini hakusimama. Nasemba alitafuna akiyatazama yale mawe matatu, moja baada ya jingine, kisha wakuu, mikono yao bado na mabaki ya ugali mmoja.

"Nenda," mama yake akasema. "Kaseme ulichokiona."

Akaenda. Baadaye kidogo moshi ukapanda kileleni kama siku zote, na watu wote wakamgeukia Nakijwa. Akaendelea kusugua chungu. Moshi ukaendelea. Sekiete akasogea, mkuki mkononi, akasimama karibu naye, na jua likapanda, na Nakijwa akasugua chungu kilichokwisha kutakata.

Kisha moshi ukakatika.

Wakashuka jua likiwa utosini. Hawakuwa na silaha. Mbele alikuwa Nasemba na kigae chake, nyuma yake Chambua na wenziwe wawili, kila mmoja amebeba figa jeusi kifuani kama mtu abebavyo mtoto, na wake na watoto wakifuata kwa mstari mrefu uliotoka mawinguni. Mia nne wale wakasimama bila kuamriwa. Waasi wakayaweka mawe yao chini, mbele ya lile jiko.

"Mbona mmepika kwanza?" Kibacha akauliza.

"Niliambiwa mmekula sahani moja," Chambua akasema. "Nikajua yamekwisha. Lakini sikutaka watoto washuke na njaa." Akawatazama wakuu watatu. "Siku thelathini na tano tumekula moto wenu, wazee. Kila mmoja wenu alidhani anampa mwenzake. Meko mengi humshibisha adui."

Hakuuawa. Nani angemwua, mbele ya jiko ambalo lilikuwa limempa moto asubuhi ile? Yaliyojadiliwa baadaye juu ya kazi za vijana na chumvi ni marefu, na wasimuliaji hawakubaliani. Wanachokubaliana ni kwamba Nakijwa aliweka chungu chini, akampokea binti yake kile kigae, akakitia majivu, akakifunika.

Sasa rudini mkawaambie watu wa mifereji mitatu. Meko mengi humshibisha adui.