Kwa Nini Wimbo Una Mwanzilishi na Waitikiaji

Hapo kale, kabla wimbo haujajua kugawanywa, aliimba mtu mmoja na wengine wote wakanyamaza. Katika milima ya Upare, kwenye kijiji kilichokaa juu kabisa, mtu huyo alikuwa Nakiete, mjane mwenye sauti iliyovuka mabonde. Siku moja ya mavuno, Mcharo mhunzi alijisahau, akaanza kuimba pamoja naye. Nakiete alikatiza wimbo palepale. "Baba, wimbo ukishikwa na wengi huharibika. Niachie." Watu wakacheka. Mcharo aliona haya, na tangu hapo hakufungua tena kinywa penye wimbo.

Msimu wa baridi ulipofika, watoto walipanda msituni kutafuta kuni. Asubuhi kulikuwa na jua, lakini kabla ya adhuhuri ukungu uliteremka ghafla, mzito, hata mtu akinyoosha mkono haoni vidole vyake. Na njia ya kurudi ilipita kando ya genge refu. Wazazi walijaribu kupanda, wakapotezana wao kwa wao, wakarudi wameshikana nguo. Ndipo wakamwendea Nakiete. "Mama, sauti yako pekee ndiyo inayoweza kuwafikia. Wataifuata."

Nakiete alisimama kwenye mwamba ulio mwisho wa kijiji, akaimba, "Watoto wa mlimani, mko wapi?" Kutoka mbali watoto walijibu kwa kelele, na kelele zile zikawa zinakaribia. Lakini kila alipotua kuvuta pumzi, watoto waliipoteza sauti, wakageuka ovyo. Mara wakasikika upande wa genge. Jiwe liliporomoka, na likakawia kufika chini. Mtoto mmoja akalia, "Sauti imekwenda wapi?"

Nakiete akaimba tena mbiombio bila kutua, mpaka koo likamkauka na sauti ikaanza kukatika. Akamgeukia Mcharo, ambaye binti yake Senamu alikuwa huko juu.

"Nisaidie, baba. Nikivuta pumzi, wewe imba."

"Mama, sauti yangu hii ni ya kufukuzia nyani shambani."

"Basi imba hivyohivyo! Imba!"

Mcharo akaimba. Maneno yalimtoka bila kuyatafuta: "Njooni nyumbani, moto unawaka." Sauti ilikwaruza, lakini mkewe akaidaka, kisha majirani, kisha wazee waliokuwa hawajaimba tangu kuzaliwa. Nakiete alianza, wao wakaitikia. Na walipokuwa wakiitikia, yeye alivuta pumzi. Sauti haikukatika tena hata kidogo.

Waliimba hivyo kwa muda mrefu, huku wengine wakilia na kuimba kwa pamoja. Kisha mtu akainua mkono kuwanyamazisha waliosimama karibu naye, maana alisikia kitu. Ndani ya ukungu, sauti ndogo zilikuwa zikiitikia pia: "Njooni nyumbani, moto unawaka." Watoto walitokea mmojammoja, wamelowa, wametupa kuni zao zote. Wa mwisho alikuwa Senamu, amembeba mgongoni mdogo kuliko wote, na bado anaimba.

Mcharo alimkumbatia binti yake. Nakiete naye aliketi juu ya mwamba akiwa hana sauti kabisa. Ilipomrudia baada ya siku kadhaa, jambo la kwanza alilofanya ni kuwaita watoto wote wa kijiji na kuwakalisha mbele yake. Aliimba mstari mmoja, akanyamaza, akawangoja.

Na tangu wakati huo wimbo una mwanzilishi na waitikiaji. Ndiyo maana hadi leo, mtoto akianza darasa la kwanza, kabla hajakabidhiwa ngoma wala filimbi, mwalimu wa muziki huimba mstari mmoja peke yake, kisha hutua avute pumzi. Watoto hawangoji kuamriwa. Hata yule aliyeletwa shuleni juzi, ambaye bado hajui jina la aliyeketi naye dawati moja, anajua mahali pa kuingia.