Kadi Mbili za Bei Moja

Ndugu wawili, kaka na mdogo wake, walibaki peke yao katika nyumba ya marehemu wazazi wao. Walikuwa na kompyuta moja, na jioni zao ziliishia mbele yake, kila mmoja na pedi yake ya kuchezea mkononi, wakicheza gemu ya mpira na kutaniana. Hapo ndipo walipojifunza kucheka tena baada ya msiba.

Kisha mdogo mtu akapatwa na presha ya macho. Daktari hakuzunguka. "Dawa itachelewesha tu," alisema. "Nuru ikishaondoka hairudi."

Walipotoka hospitali, yule mdogo hakulia. Alisema, "Kaka, tuunganishe kompyuta na ile televisheni kubwa ya sebuleni. Pale mpira nitauona. Nataka nikufunge huku nakuona unavyonuna."

"Unifunge wewe? Kwa timu ipi?"

Wakaunganisha. Lakini kompyuta ilikuwa kuukuu. Kwenye kioo kikubwa picha ilikwamakwama, wachezaji wakawa wanaruka kama panzi. Fundi akasema inahitaji kadi mpya ya picha, ile inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo. Dukani kwake zilikuwapo mbili, bei moja. Moja ilikuwa na kumbukumbu kubwa zaidi. Ya pili ilichora mwanga na vivuli kwa ustadi zaidi.

Fedha ilikuwa mfukoni. Wewe ungefanyaje? Kaka alisema, "Nitarudi."

Hakuwa bahili, mnielewe. Alimpenda mdogo wake, na kwa kuwa alimpenda hakutaka kumpa kilicho pungufu. Basi akaanza kuchunguza. Zile jioni za kucheza zikawa jioni za simu: anatazama video za watu waliozipima kadi hizo, picha mbili ubavu kwa ubavu, anaisimamisha picha, anaikuza, analinganisha majani ya uwanja. Akauliza kwenye makundi ya wacheza gemu. Nusu wakamwambia hii, nusu ile. Kila akirudi dukani, fundi anacheka.

"Bosi, hata mchumba watu hawamchunguzi hivi!"

"Fundi, kitu cha kukaa nacho hakinunuliwi kwa pupa."

Mdogo akamwambia, "Kaka, chukua yoyote."

"Hebu tazama hapa kwanza. Kivuli cha goli. Unaona hii inavyokitoa?"

Mdogo alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa simu. "Kwangu mimi zote sawa."

"Kwa sababu huna subira, dogo. Angalia vizuri."

Hatimaye alichagua, na niseme kweli, alichagua vema. Fundi akaja, akaifunga, akaenda zake. Kaka akaizima sauti ili picha yenyewe izungumze, kisha akawasha. Sebule ikajaa rangi. Majani ya uwanja ungeweza kuyahesabu. Jasho lilimeta kwenye vipaji vya nyuso za wachezaji. Hakuna kilichokwama. Akamwita mdogo wake. Mdogo akaja akipapasa ukuta, akaketi kwenye kochi, akapokea pedi, akaishika kwa mikono miwili na kutabasamu.

"Umeshawasha?" akauliza.

Kaka akautazama uso ule, ulioelekea pembeni kidogo ya kioo. Mwanga wote ulikuwa umeuangukia. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba ni siku nyingi anamsikia mtu akipapasa ukuta wa koridoni, naye hakuinua macho kwenye simu.

"Bado," akasema.

"Haya. Nasubiri."

Wapendwa, mnamtafuta mwovu katika habari hii? Hayumo. Kadi zote mbili zilikuwa nzuri, na yoyote kati ya hizo ingetosha. Msingoje niwaambie kwamba macho yalifunguka. Hayakufunguka. Kadi ile inafanya kazi hata leo, haina kasoro, na nyumbani mle hakuna anayeitaka.

Kaka yule ni sisi. Sisi ambao mama anavujiwa chumbani, nasi wanawe tunabishana bati liwe jekundu au la kijani. Sisi tuliokwisha kuamua kusamehe, ila tunayatafuta maneno yanayofaa, na mwenye kusamehewa yuko wodini amegeukia ukuta. Uzembe tungeuonea haya. Huu wetu tumeuvika joho, tukauita uangalifu, tukauita hata upendo. Tunapima kitu kwa mizani mpaka mtu tuliyekuwa tukimpimia anaisha.

Kuna mtu humu ndani ambaye, nilipokuwa nikisema, jina lilimjia. Usiniambie ni nani. Sadaka haijapita na wimbo haujaimbwa, lakini inuka sasa hivi, uende na chochote ulicho nacho mkononi. Mlango uko wazi. Na mkimwona mwenzenu anatoka, msigeuke kumtazama, mpisheni.